Pipa la Utani

Bi Severina Kunambi aligoma kuondoka getini. Mlinzi wa halmashauri alishamwambia mara tatu kwamba wataalamu wa chuo kikuu hawaonani na wananchi bila miadi, na mara tatu alijibiwa kwamba aliyesimama mbele yake si mwananchi, ni mtani. Kelele zao zilinifikia ofisini, ghorofa ya kwanza. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai, na asubuhi ile nilikuwa na ripoti ya kumalizia, kwa hiyo niliteremka ngazi nikiwa nimeshapanga maneno ya kumfukuzia. Ilikuwa saa mbili. Baraza la madiwani lingeanza saa nne, na mvua kubwa ilitarajiwa alasiri.

"Wewe ndiye Daktari Mshana wa chuo kikuu?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimekuja kuishtaki mashine yako. Kila asubuhi naipa habari za Lukwambe, nayo inaniambia asante kwa kutuchekesha. Siku kumi na saba sasa. Mwanangu, mimi nina miaka sabini na minne, hata marehemu mume wangu sikuwahi kumchekesha siku kumi na saba mfululizo."

Mlinzi alicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa mashine ilikuwa yangu.

Kila nyumba ya wilaya ile ilikuwa na kinasa sauti mlangoni, kidogo tu, ukubwa wa kiberiti. Utaratibu ulitaka mtu mmoja wa kila kaya akiambie kila asubuhi alichokiona: ukuta, chemchemi, miti, na mteremko wa ng'ambo, maana mteremko huonekana vizuri na anayeutazama kwa mbali kuliko anayeukalia. Chini ya ardhi tulikuwa tumezika nyuzi elfu sita zinazosikiliza udongo. Sauti za watu na za nyuzi ziliingia kwenye Pacha, yaani mlima wa pili tuliokuwa nao kwenye kompyuta za chuo, wenye kila jiwe na kila shimo la mlima wa kweli. Tuliunyeshea mvua huo wa kwetu kabla Mungu hajaunyeshea wa kwake, tukaona unafanya nini. Pacha ilitoa kipimo cha hatari ya mlima kuanguka, mimi nikakigeuza kuwa neno moja, Baki au Hama, na neno likapigwa muhuri wa kielektroniki wa chuo. Siku kumi nyuma nilikuwa nimepiga muhuri wa Baki kwa Lukwambe, masika yote.

"Uliiambia nini hasa?" nilimuuliza.

"Niliiambia watu wa Lukwambe wamelewa hadi migomba yao imelewa. Yote imeinamia bondeni, kama inatafuta pa kutapikia. Wiki iliyopita nikaiambia chemchemi yao imewaonea aibu, imehama, sasa inatokea chini ya jiko la kina Kibena, na maji yake mekundu kama chai ya rangi. Jana nikaiambia wamechonga barabara juu ya kanisa bila kibali cha halmashauri. Barabara yenyewe inaingia mguu mmoja. Ukitupa jiwe humo husikii likitua."

Miti kuinama, chemchemi kuhama na kubadilika rangi, ufa juu ya makazi. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza akizikosa dalili hizo tatu namfelisha.

"Bibi, kwa nini hukusema tu kwamba mlima umepasuka?"

"Si ndivyo nilivyosema!" Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyevaa viatu msikitini. "Mimi wa Mzumwe, wale wa Lukwambe ng'ambo ya mto. Tangu nizaliwe sijawahi kuwataja watu hawa bila kuwatania. Ulitaka nianze leo? Wangejua nimewachukia."

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa pale getini mbele ya mlinzi, kwa sababu nilijua ni wapi maneno ya bibi huyu yalikokuwa yakienda kila asubuhi.

*

Chujio nililiandika mwenyewe. Masika mawili kabla ya hapo, vinasa vilipokuwa vipya, watu wa Mzumwe walitangaza mara mia sita kwamba Lukwambe imeanguka. Mara imeanguka kwa uvivu, mara kwa deni la pombe, mara kwa sababu mlima umechoka kubeba watu wabaya. Pacha, ambayo haikuzaliwa na mtu, iliamini yote. Tukapiga muhuri wa Hama. Kaya sitini na tatu zililala siku tisa kwenye uwanja wa shule chini ya maturubai, mlima haukumwaga hata kokoto, na mama mmoja mzee akafa kwa kichomi.

Nilirudi chuoni nikiwa na aibu nikaunda chujio. Lilisikia kicheko ndani ya sauti. Lilijua nani ni mtani wa nani. Likipokea habari ya mtani juu ya mtani wake, yenye chumvi, lilitoa asante kwa upole na kuitupa mahali tulipopaita pipa la utani. Watu walinipigia makofi. Wilaya nane nyingine zililichukua, nami nikapandishwa cheo kuwa mhadhiri mwandamizi.

Saa mbili na nusu nililifungua pipa. Ndani mlikuwa na sauti mia mbili na kumi na mbili za siku kumi na saba, za watu arobaini wa Mzumwe. Nilisikiliza kumi na mbili tu. Kijana mmoja alisema mlima wa Lukwambe unajikuna usiku. Mama mmoja alisema nguzo za umeme za Lukwambe zimeanza kusalimiana. Watu wa Lukwambe wenyewe, tangu yale maturubai, walikuwa wanakiambia kinasa neno moja kila asubuhi: salama. Nyuzi zetu nazo husikia hadi mita mbili, na mlima huu ulikuwa unateleza mita tisa chini.

Nilizirudisha sauti zote kwenye Pacha na kuinyeshea mvua ya alasiri. Kipimo kilikuwa nne kwa mia. Kikaja sabini na moja.

Nikampigia Profesa Kasian Mhando, mkuu wa Dawati la Ushauri, mtu aliyenifundisha tangu shahada ya kwanza. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Badilisha ushauri," alisema. "Muhuri utakuuliza sababu. Chagua Hali imebadilika. Ving'ora vitalia dakika hiyohiyo, watu watahama, basi."

"Hali haijabadilika, Profesa. Imekuwa hivyo siku kumi na saba."

"Najua. Lakini ukichagua Tulikosea unajua kinachotokea."

Nilijua. Sheria ya Ushauri ilipitishwa baada ya wakubwa fulani kuhamisha watu kwa kisingizio cha maafa kisha kugawana viwanja vyao. Tangu hapo hakuna halmashauri iliyoweza kuhamisha kaya hata moja bila muhuri wa chuo kikuu. Muhuri ulifunguliwa mbele ya baraza, mara moja tu kwa siku, ili mwanasiasa asitulazimishe kusema Baki asubuhi na Hama jioni. Na mtaalamu akikiri kosa la chombo chake, muhuri ulijifunga kila mahali chombo hicho kinapotumika, na kila halmashauri ikabaki na kamati yake ya dharura hadi uchunguzi uishe.

"Leo tuwaokoe Lukwambe," alisema Profesa. "Kesho tutarekebisha chujio kimyakimya, hakuna atakayejua."

"Mvua hii ni ya leo, na ni ya wilaya zote tisa."

"Huko kwingine hakuna dalili."

"Hakuna dalili kwa sababu dalili tumezitupa pipani."

Nilimsikia akivuta kiti.

"Nuruana," aliniita kwa jina langu, jambo ambalo hafanyi. "Ukisema tulikosea, Lukwambe hawatahamishwa na king'ora. Watahamishwa na kamati. Wewe umeshawahi kuiona kamati ikikimbia?"

*

Mkurugenzi wa halmashauri, Bwana Fulgence Banzi, alinikuta kwenye korido nikiwa nimeshika kishikwambi kifuani kama mtoto. Nilimweleza. Ni muungwana, hakunigombeza. Alifuta miwani yake kwa tai.

"Daktari, mimi nakuomba kama mtu, si kama mkurugenzi. Bonyeza hicho cha kwanza. Dhambi yake nitaibeba nusu."

"Na wilaya nane?"

"Za wenyewe. Mimi nimepewa hii."

Alikuwa na haki. Yeye alikuwa na watu wa kuwaangalia, nami nilikuwa na watu ambao sijawahi kuwaona, walioegemeza maisha yao kwenye kitu nilichokiandika kwa aibu na kukipokelea makofi. Nilitamani mtu mwingine aniamulie. Hakuna aliyejitokeza.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Madiwani thelathini na mmoja walikaa mbele, wananchi kwenye mabenchi ya nyuma, na Bi Severina katikati yao amekunja mikono, kwani baraza ni la wazi na mlinzi alishashindwa naye. Mheshimiwa Perpetua Mloka, diwani wa kata ya Lukwambe, alikuwa mstari wa kwanza. Mwanamke mrefu, sauti ndogo, ambaye baraza zima lilimwogopa kwa sababu husoma taarifa zote hadi viambatisho.

Niliwaeleza kwa maneno machache. Kisha nikaweka kidole kwenye muhuri, nao ukafunguka, na kwenye ukuta mkubwa wa ukumbi vikatokea vitufe viwili kila mtu akiviona. Hali imebadilika. Tulikosea.

Mkurugenzi aliinamisha uso.

Nilibonyeza cha pili.

Muhuri ulijifunga kwa mlio mdogo sana, na majina ya wilaya tisa yakageuka mekundu moja baada ya jingine. Halafu ukumbi ukalipuka. Mmoja alitaka nikamatwe. Mwingine aliuliza kama ushauri wa daraja nao ni batili. Mwenyekiti aligonga meza mpaka glasi ikaanguka. Mheshimiwa Mloka alisubiri wote wapungue ndipo akasimama.

"Daktari, mlitutoa majumbani tukakaa siku tisa kwenye matope. Mkasema mmekosea. Mkatuambia tubaki. Sasa mmekosea tena. Mlima wetu ni daftari la mazoezi?"

"Hapana, Mheshimiwa. Mlima unaanguka leo."

"Leo saa ngapi?"

"Baada ya mvua kuanza. Siwezi kusema saa."

"Huwezi kusema saa," alirudia, bila dhihaka, akaandika kwenye daftari lake.

Iliundwa kamati ya dharura ya watu saba. Wawili walikuwa safarini, kwa hiyo akidi ilibidi itafutwe kwa simu. Wangekaa saa nane, wakamsikiliza mtaalamu wa pili kutoka chuo kingine, na kutoa tamko saa kumi. Niliposema mvua ni saa tisa, mwenyekiti alinijibu kwamba utaratibu ni utaratibu, na kwamba mimi ndiye niliyewafungia njia ya mkato. Kweli tupu. Nilimwona Mheshimiwa Mloka dirishani na simu sikioni, akisema taratibu, "Subiri tamko. Ndiyo. Mimi nimo kwenye kamati, nitakupigia mwenyewe."

Nikahisi mtu akinigusa begani. Bi Severina.

"Mwanangu, hawa wanatafuta kibali cha kuwatoa watu. Hivi kuiba nako kunahitaji muhuri?"

"Kuiba?"

"Gari lako linavuka mto au ni la lami tu?"

*

Milimani kule utani si maneno peke yake. Mtani anaweza kuingia kwako mchana kweupe, akachukua sufuria jikoni ikiwa na mboga ndani, akaondoka nayo huku anakutukana. Huna ruhusa ya kukasirika. Unachoweza ni kumfuata hadi kwake, ukatukana vizuri kuliko yeye, ukala naye, ndipo unakomboa mali yako. Anayemkatalia mtani, watani hawatamzika, na kule hakuna laana kubwa kuliko hiyo. Haya yote niliyajua. Niliyaandika mwenyewe kwenye chujio, chini ya kichwa cha habari Vyanzo vya Makosa.

Bi Severina alipiga simu njia nzima. "Leta na mikokoteni," alisema. "Ndiyo, Lukwambe yote. Kwa nini? Kwa sababu wananuka! ... Sikiliza, Evarista. Mlima umepasuka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Leta na wanao."

Tulipofika darajani saa sita na nusu, watu mia mbili wa Mzumwe walikuwa wanavuka. Sijawahi kuona wizi wa namna ile. Waliingia nyumba ya kwanza wakatoka na godoro, meza, jiko la mkaa likiwa na moto, na bibi kikongwe aliyebebwa na kiti chake akiwachapa kwa mkongojo na kucheka hadi machozi. Waliswaga mbuzi. Walibeba watoto mabegani kama viroba. Wanne walimnyang'anya katekista baiskeli na kengele ya kanisa, wakateremka nayo ngazi mbio, ikilia. Watu wa Lukwambe walitoka mbio nyuma yao, wakiwaita wezi, mafisi, walaji wa konokono, na kila aliyetoka nje kufukuza kitanda chake alikuwa ameshauacha mlima bila kujua.

Wengine walijua. Mwanaume mmoja alisimama mbele ya Bi Severina akamuuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, leo mmezidi. Kuna nini?"

"Chemchemi yenu iko jikoni kwa Kibena na wewe unaniuliza kuna nini? Kimbia, mpumbavu wewe."

Akakimbia.

Hadi saa tisa nyumba sitini na mbili zilikuwa tupu. Wingu lilikuwa limeshafika juu ya msitu, na udongo chini ya viatu vyangu ulikuwa na ulaini ambao niliujua na kuuchukia. Ilibaki moja, nyumba ya bati la kijani chini ya kanisa. Bi Severina alisimama nje ya ua wake, hakuingia.

"Ingia, bibi! Unangoja nini?"

"Siwezi. Huyu si mtani wetu. Ni mkwe, katoka Lindi huko, kamwoa Perpetua, diwani. Nikigusa sufuria yake huo ni wizi wa kweli."

Mkwe huyo, Mwalimu Chinguile, alikuwa kibarazani, amevaa shati lililopigwa pasi. Mstaafu. Juu ya mlango wake alikuwa amebandika ushauri wangu wenye muhuri, ndani ya mfuko wa plastiki usiloane, na jina langu chini yake.

"Karibu, Daktari. Diwani ameniambia yote. Kamati inatoa tamko saa kumi."

"Mwalimu, twende. Utalisikia tamko ukiwa ng'ambo."

"Mwaka juzi nilikwenda bila kuuliza," alisema. "Nilimbeba mama yangu mgongoni hadi uwanja wa shule. Alinisihi tubaki. Nikamwambia, mama, chuo kikuu kimesema. Siku ya saba akanifia chini ya turubai. Kaburi lake lile pale." Alionyesha nyuma ya nyumba, palipopandwa maua mekundu. "Simlaumu mtu. Lakini nilimwahidi pale kaburini kwamba sitaondoka tena kwa fununu wala kwa kelele. Nitaondoka kwa karatasi yenye muhuri. Basi niambie wewe mwenye muhuri. Ushauri umebadilika?"

Matone ya kwanza yaligonga bati. Aliniuliza kwa adabu, kama mwalimu anayetaka jibu kutoka kwa mwanafunzi anayemwamini, na jibu lilikuwa neno moja. Ndiyo. Angechukua kofia yake tukateremka pamoja. Kidole changu hakikuhitaji kubonyeza chochote, ulimi tu.

"Haujabadilika," nilisema. "Umefungwa. Lakini mimi niliyeuandika nakuomba kwa magoti, Mwalimu, toka humu."

Sijui hadi leo kama ule ulikuwa uadilifu au kiburi. Nilikuwa nimeukataa uongo asubuhi ile, mbele ya watu thelathini na mmoja, na nadhani sikutaka ionekane kwamba nilikuwa nao mmoja nimeuficha wa kutumia kibarazani.

"Hapo unaomba," alisema. "Mwaka juzi nao waliomba. Nitasubiri hiyo saa kumi, si mbali."

Nilimvuta mkono. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, akanibandua vidole kimoja kimoja bila kuniumiza. Bi Severina alipaza sauti kutoka nje ya ua, "Mwalimu! Nenda hata kwa ajili ya mkeo!" naye akampungia mkono. Ardhi ilitoa mlio, si mkubwa, kama mtu anayepasua kitambaa kipya chumba cha pili. Bi Severina alinishika gauni na kunikokota kuteremka ngazi, kikongwe wa miaka sabini na minne, nami nilikokotwa.

*

Mlima ulishuka saa kumi kasoro dakika tano. Tuliutazama kutoka Mzumwe, tumesimama kwenye mvua kati ya vitanda na mbuzi vilivyoibwa. Kanisa lilitangulia, likiwa limesimama wima kwa muda, kisha nyumba zikafuata pamoja na migomba yake. Mtu mmoja wa Mzumwe alianza utani, kwa mazoea, akaishia katikati. Baadaye tulihesabu watu kwa majina. Walikuwepo mia tatu na wanane. Alikosekana mmoja.

Kamati ilipitisha Hama saa kumi na dakika ishirini.

Mheshimiwa Mloka alifika na gari la halmashauri saa kumi na moja, mvua ikiwa imepungua na mwanga wa jioni umetokea. Karatasi ya kamati alikuwa nayo mkononi. Wanawake wa ukoo wake walimpokea wakaanza kulia, yeye hakulia. Aliuliza niko wapi, akaonyeshwa, akaja akasimama mbele yangu. Nilianza pole nyingi. Alinizuia kwa kiganja.

"Vile vitufe viwili," alisema. "Ungebonyeza kile cha kwanza, king'ora kingelia hapa?"

"Kingelia, Mheshimiwa."

"Na Chinguile angetoka?"

Sisi wa vyuoni tuna namna ya kujibu maswali kama hayo. Tunasema kuna uwezekano, tunasema mambo ni mengi, tunasema haiwezekani kujua. Maneno yote hayo yalinijia.

"Angetoka," nilisema. "Alikuwa anasubiri hicho tu."

Alitikisa kichwa polepole. "Nami nilimwambia asubiri." Alitazama ng'ambo, mahali palipokuwa na bati la kijani. "Hizo wilaya nyingine je?"

"Mbili zimefungua mapipa yao zikakuta watu wanasema yaleyale. Kijiji kimoja kimeshahama. Watu mia nne na kumi."

"Mia nne na kumi."

"Ndiyo."

Alikunja karatasi ya kamati mara mbili, mara nne, akaitia kwenye mkoba. Sauti yake ilibaki ndogo kama siku zote.

"Kesho uende kwao, zote nane. Usiwaandikie barua, uende kwa miguu yako. Uwaambie mlichowafanyia, na uwaambie na hili la hapa, na jina lake ulitaje. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mheshimiwa."

"Lakini msibani kwangu usije."

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa barabarani kuelekea wilaya ya kwanza. Msibani sikwenda.